Kati ya "Hata Mimi" na "Ikawaje?"

Neno lililonipita lilikuwa "tena".

Tulikuwa barazani, Ngamiani, hapa Tanga mjini, baada ya swala ya alasiri, watu watano na dele moja la kahawa. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Sahare ambaye tumejuana tangu tukigombea baiskeli moja ya kukodi, alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Alipomaliza kikombe cha kwanza akasema, macho yako barabarani, "Jana nimempeleka mama hospitali tena." Sikumwacha hata ashushe pumzi. "Ah, yakhe, hata mimi mwaka juzi na mama yangu, usiombe! Tulilala pale siku nane." Nikazieleza zote nane. Nikaeleza dripu, nikaeleza foleni ya dawa, nikaeleza shangazi aliyekuja kutoka Muheza na kuku wa kuchemsha ndani ya hotipoti, akamla yeye mwenyewe kwa sababu mgonjwa hakuwa na hamu ya kula. Watu wakacheka; kisa hicho nakisimulia vizuri. Rafiki yangu naye akacheka. Akaniambia, "Pole sana, ndugu yangu," akaacha sarafu yake pembeni ya sinia la kashata, akapanda baiskeli akaenda.

Itazame vizuri hiyo pole. Mwenye mgonjwa ndiye aliyenipa mimi, ambaye mama yangu alishapona zamani na siku hizi tukienda sokoni ananiacha nyuma.

Wiki mbili baadaye, kwa mdomo wa mtu mwingine, nikasikia kwamba bibi yule, mama wa rafiki yangu, amekatwa mguu kwa kidonda cha kisukari. "Tena" ilikuwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Siku ile barazani rafiki yangu alikuwa na jambo zito kifuani: daktari ameshauri mguu ukatwe, ndugu zake wawili wamekataa, na yeye anatafuta mtu mzima mwenzake wa kushauriana naye. Alichopata ni shangazi wa Muheza na kuku wake.

Ubinafsi ukitajwa, kila mtu humfikiria jirani. Tunamwona yule wa kujikweza, mjuaji, anayeingia msibani na kuanza kuhesabu magari yake. Huyo hana hatari kubwa. Akifika tu, watu wanajua wamempata nani, wanaitikia "naam, naam" huku wanaangalia saa. Wa kuogopwa ni mwingine, na hapa Tanga tuko wengi: mtu wa kauli laini, mwenye "tafadhali" na "samahani" na "niwie radhi", asiyeinua sauti, na ambaye ukikaa naye saa nzima ataondoka bila kujua umeamkaje. Husema, "Samahani, nakukata kalima," na kalima yenyewe ameshaikata. Kuomba ruhusa kumekuwa sehemu ya kisu.

Tunapenda kujisifu kwa lugha. Mgeni akishuka kwenye basi husikia kwamba watu wa huku maneno yao matamu, na sisi hatukanushi. Lakini utamu wa kauli na usikivu ni vitu viwili. Cha kwanza mtoto anakipata nyumbani kabla hajaota meno yote: shikamoo, marahaba, hodi, karibu, ahsante, simama umpishe mkubwa. Cha pili kinafundishwa wapi? Mlangoni kwa mtu tunapiga hodi mara tatu, asipoitika tunarudi. Kwenye maneno yake tunaingia na viatu.

Sisemi kwamba wazee hawakuliona hilo. Chukua maamkizi. Watu wa haraka wanayalalamikia kuwa marefu: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Ukiyasikiliza kwa makini utaona yana kazi. Jibu la kwanza daima ni "njema" au "salama", hata kwa mtu aliyefiwa. Ukweli huja kwenye swali la tatu au la nne, umejificha nyuma ya "ila": "Salama, alhamdulillahi, ila mtoto kidogo anasumbuliwa." Anayeuliza anapewa milango minne ili apite kwenye ule uliofunguliwa. Sasa angalia tunavyoamkiana siku hizi. "Mambo?" "Poa." Milango miwili, yote imefungwa, na tumeshapishana. Na hata tunaobaki na maamkizi marefu, wengi wetu tunayasoma kama orodha. Nimewahi kumsikia mtu anaulizwa "za watoto?", anajibu "mmoja amelazwa", na mwenzake anaendelea, "Na za kazi?"

Jambo hili linatuuma zaidi sisi wa pwani kuliko mahali ambapo watu husema mambo yao kavukavu. Hapa mtu hasemi "naomba unisaidie." Husema, "Mwezi huu umekuwa mrefu." Mke hamwambii mumewe nenda kanunue mkaa, husema mkaa umekwisha, kisha anaendelea kukuna nazi. Khanga huvaliwa na jina lake husomwa na yule aliyekusudiwa kulisoma. Lugha ya namna hii inamwachia msikilizaji nusu ya kazi. Msemaji anaweka kamba mkononi mwako, wewe ndiye wa kuvuta. Asiyevuta, mazungumzo yamekufa, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hakuna aliyemwomba kitu. Ndiyo maana "tena" ya rafiki yangu ilinipita. Ilikuwa neno dogo, limekaa mwisho wa sentensi, na lilibeba mwezi mzima.

Kuna jaribio moja lililofanywa Marekani ambalo naliona linaeleza ugonjwa huu kuliko mahubiri mengi. Mwaka 1990, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton, aliwagawa watu wawiliwawili. Mmoja alichagua wimbo unaojulikana na kila mtu, akagonga mdundo wake mezani kwa kidole. Mwenzake akakisia ni wimbo gani. Kabla ya jibu, mgongaji aliulizwa: unadhani atautambua? Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa ni 3.

Jaribu mwenyewe usiku wa leo. Chagua taarabu ya zamani, moja ya zile za Black Star au Lucky Star ambazo mji huu umekua nazo, ugonge mezani mbele ya watoto. Kichwani mwako mna fidla, mna kodiani, mna sauti ya mwimbaji inayopanda kwenye kibwagizo, mna na harusi ile ambayo uliusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza. Anayekusikiliza anasikia ngo, ngo-ngo, ngo. Na utashangaa, kwa dhati kabisa, kwamba hajui. Utamwona mzito. Utagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo napoutofautisha ubinafsi na kiburi. Mgongaji hajivuni wala hamdharau mtu. Tatizo lake ni kwamba hawezi kuuzima wimbo wake mwenyewe ili asikie mwenzake anachosikia. Bosi anayetuma ujumbe wa maneno matatu kisha anafoka kwa nini kazi haikufanywa anagonga meza. Baba anayesema "wewe unajua kosa lako" na mtoto kweli halijui, anagonga meza. Mama mkwe anayenuna siku tatu ili aulizwe, naye anagonga, tena kwa kidole kimoja. Muuza kahawa wetu anapogonganisha vikombe vyake mkononi, mtaa mzima unajua kahawa imefika, lakini mlio ule tumekua nao wote. Wimbo ulio kichwani mwako umekua nao peke yako.

Turudi kwenye "hata mimi". Mwanasosholojia wa Marekani, Charles Derber, alichunguza mazungumzo ya kawaida ya watu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 alionyesha kwamba mtu akikuambia jambo lake una njia mbili za kumjibu. Unaweza kumwachia jambo aendelee nalo, au unaweza kulivuta lije kwako. Akisema "nimechoka leo", ukimwuliza "kwani ulikuwa wapi?" umemwachia. Ukisema "we acha, mimi ndiyo usiseme", umeshalichukua. Derber alikuwa akiwaangalia Wamarekani, lakini angekaa saa moja chini ya mwembe wowote pale Chumbageni angepata mifano ya kufungia mwaka.

Kiswahili kimetuwekea njia zote mbili kwa urahisi wa ajabu. Ya kuvuta ni "hata mimi". Ya kuachia ni neno moja tu: "Ikawaje?" Au fupi kuliko hilo: "Enhe." Hadithi zetu zenyewe zimejengwa hivyo. Msimuliaji akisema "Hadithi, hadithi!" asipopata "Hadithi njoo!" hasogei hatua. "Paukwa!" bila "Pakawa!" ni mtu anayepiga kelele gizani. Bibi zetu walikuwa wakitufanyia hila usiku: katikati ya kisa wananyamaza, wakisikia hakuna mwitikio wanajua tumelala, wanaacha. Siku hizi hakuna anayenyamaza kuangalia kama msikilizaji bado yupo.

Nisiionee "hata mimi". Kwa mfiwa, mtu aliyewahi kuzika mtoto akimkalia karibu na kumwambia "hata mimi nilipita hapo", hakuna dawa kubwa kuliko hiyo. Tofauti iko kwenye sentensi inayofuata. Kama inarudi kwake, "wewe usiku unalala?", hata mimi imekuwa daraja. Kama inakwenda Muheza kwa shangazi, imekuwa wizi. Mimi nilikwenda Muheza.

Kuna wanaojitetea: mimi husikiliza kwanza mpaka mtu amalize, ndipo nafikiri jibu. Si kweli, na sidhani kama inawezekana. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, kuanzia Kijapani hadi lugha moja ya Namibia, wakakuta kwamba kati ya swali na jibu hupita wastani wa kama sekunde 0.2. Wakati huohuo inajulikana kwamba kuandaa hata neno moja kichwani huchukua kama sekunde 0.6. Hesabu haiongopi: sote tunaanza kupika jibu mwenzetu hajamaliza kusema. Swali la maana ni unapika kwa unga wa nani. Mmoja, mwenzake anapozungumza, anatafuta kwenye ghala lake kisa kinachofanana. Mwingine anaokota neno alilolisikia sasa hivi na kulirudisha likiwa swali. "Tena? Kwani ni mara ya ngapi?" Ingenichukua sekunde mbili.

Na wanyamavu wasifikiri wamesalimika. Kuna umimi wa kimya. Kijana anaingia harusini na doa la mchuzi kwenye kanzu, anakaa pembeni usiku kucha, haongei na mtu, ukimsemesha anajibu "ndiyo" na "hapana". Watu watamwita mpole. Kumbe yuko peke yake na doa lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2000 jaribio la namna hiyo: waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuaibisha na kuwaingiza chumbani kwa wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameiona. Waliokuwa wameiona ni karibu robo. Anayejiona anatazamwa na wote hana nafasi ya kumtazama yeyote. Mjivuni na mwenye haya wanakutana hapo, kila mmoja na kioo chake.

Ubinafsi wa mtu mmoja barazani unamwumiza mtu mmoja. Ukipewa meza na maikrofoni, unaumiza mtaa. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa mtaa mmoja, sitautaja, kuhusu mtaro uliokuwa unamwaga maji kwenye nyumba za watu kila masika. Kiongozi alizungumza kwa saa moja na dakika kumi. Alizungumza alivyoanza kazi, vikao alivyohudhuria, simu alizopigiwa usiku. Kisha akasema, "Sasa nakaribisha maswali, lakini yawe mafupi, muda umetutupa mkono." Mama mmoja wa makamo akasimama, khanga kiunoni, akaanza kama tulivyofundishwa: akamshukuru Mungu, akamshukuru kiongozi, akawashukuru waliohudhuria. Alipofika kwenye mtaro akaambiwa dakika zake zimekwisha. Akakaa. Aliyekuwa jirani yangu akanong'ona, "Yule ndiye maji yanaingia chumbani kwake." Kiongozi yule hakuwa mtu mbaya, na naamini alitoka pale akidhani amewasiliana vizuri na wananchi. Mtaro ulichimbwa upande usiokuwa na tatizo.

Kwenye simu mambo yako vilevile, kwa kasi zaidi. Kundi la ukoo la WhatsApp: mmoja ameandika kwamba amefiwa na mtoto. Watu arobaini wanabandika maneno yaleyale ya rambirambi, yamenakiliwa kwa aliyetangulia pamoja na makosa yake ya herufi, na wa arobaini na moja anaweka picha za madera ya jumla, bei maelewano. Halafu kuna wale wa voisi ya dakika sita. Nawaheshimu, wengine ni ndugu zangu wa damu. Lakini voisi ya dakika sita ni mtu aliyepata alichokitamani siku zote: kusema bila kukatwa kalima na asiione sura ya anayesikiliza.

Vijana wetu wanapelekwa semina. Wanafundishwa kujiamini, kujieleza, kujiuza kwa mwajiri, kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Yote mazuri, Mswahili asiyejieleza ataliwa. Ila tazama maneno yenyewe yanavyoanza: ku-ji, ku-ji, ku-ji. Sijaona tangazo la semina ya kumwuliza mtu swali na kusubiri jibu lake, na nadhani lingebandikwa hakuna ambaye angelipa kiingilio.

Mjuzi wa kazi hiyo namjua mmoja, na hana cheti. Muuza kahawa wetu anapita baraza saba kwa siku. Kila baraza ina mzee wake, ina ugomvi wake. Moja ina bwana ambaye kila mazungumzo, yawe ya bei ya sukari au ya ndoa, huyafikisha mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa. Muuza kahawa humimina, hurudisha dele kwenye mkaa, husema "enhe". Nimemchunguza. Maneno yake kwa nusu saa hayafiki thelathini, na karibu yote ni maswali. Akirudi kesho anaanzia mlipoishia: "Yule fundi alikuja?" Anakumbuka fundi wa nani, kwa paa gani. Ndiye aliyeniambia habari za mguu wa mama wa rafiki yangu. Alishangaa kwamba sijui. "Si alisema hapahapa?" akaniuliza. Sikuwa na la kusema, nikaagiza kikombe cha pili.

Nilikwenda Sahare Ijumaa iliyofuata. Bibi alikuwa ndani, amejilaza kwenye mkeka, akaniitikia shikamoo yangu kwa sauti yake ileile ya kukaripia watoto wa baiskeli. Tukakaa nje mimi na mwanawe. Nikamwuliza siku ile ilikuwaje. Akasema, "Ilikuwa hivyohivyo tu." Nikauliza ile ya kwanza kabisa, mwanzo wa mwezi. Akanitazama. Kisha akaanza, polepole, na karatasi ya daktari, na kaka yake mkubwa aliyezima simu, na dereva wa bajaji aliyekataa nauli. Mara tatu nilihisi mama yangu anapanda kooni na siku zake nane, mara tatu nikammeza. Jua lilikuwa limeshuka upande wa bandarini alipokatiza yeye mwenyewe.

"Wewe leo una nini?" akasema. "Maswali yote haya. Unataka kukopa?"

Nikamwambia sikopi. Hakuonekana kuniamini.